Vin de Constance ya Klein Constantia: maoni yangu kwa anayefikiria kuinunua

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Vin de Constance ndo waini tamu bora kuliko zote nilizowahi kuonja, bei yake imesimama lakini ina sababu, na sababu yenyewe sio Napoleon, yule mfalme wa zamani wa Ufaransa. Hiyo ya mwisho naisisitiza kwa sababu ukiiulizia hii waini Cape Town, iwe dukani, hotelini au kwa mtu yeyote anayejua waini kidogo, cha kwanza unachoambiwa ni Napoleon, alafu Napoleon tena, unaweza ukalipa ukaondoka na chupa yako na hakuna hata mmoja aliyekuambia imetengenezwaje. Na hapo kwenye kutengenezwa ndo utamu wote ulipo, yaani jinsi zabibu zinavyochumwa kidogo kidogo kwa miezi. Kwahiyo nitaigusa historia, maana ni nzuri na ina sehemu chungu ambazo watu wanazipita haraka, ila sanasana nataka tuongelee kilichomo ndani ya chupa.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia, hii ni waini nyeupe tamu, ingawa ukiimimina unaona ni ya dhahabu, na ikizeeka inaelekea rangi ya kaharabu. Inatoka shamba la Klein Constantia, kwenye bonde la Constantia, kusini mwa katikati ya jiji la Cape Town, upande wa nyuma ya Table Mountain, kwa gari kama nusu saa hivi kama hamna foleni. Zabibu ni aina moja tu, Muscat de Frontignan, zile punje ndogondogo zenye harufu ya maua. Chupa ni ya nusu lita, sio ya 750 kama waini za kawaida, ni ya kijani kilichokoza karibu kiwe cheusi, chini imenenepa na imekaa upandeupande kidogo kwa sababu wameiga umbo la chupa za zamani zile za kupulizwa kwa mkono. Kilevi ni kama asilimia 14. Sukari inayobaki ndani huwa inazidi gramu 160 kwa lita, na ili uelewe maana yake, soda ya kawaida ya kola ina kama gramu 106 kwa lita, kwahiyo kwenye karatasi hii waini ni tamu kuliko soda kwa mbali.

Ila ukiinywa huioni hivyo! Hapo ndo pamenishika mimi. Nimeonja waini tamu nyingi ambazo glasi ya kwanza unafurahi, ya pili unaisukuma pembeni, mdomo umefunga, ulimi mzito, unatafuta maji. Hii inaingia na utamu wake wote, asali, aprikoti kavu, yale matunda madogo ya njano, ganda la chungwa lililopikwa na sukari, alafu katikati ya utamu inakuja ile ukali-ukali ya asidi inaufagia mdomo wote, na mwishoni kuna uchungu mdogo wa ganda la balungi na kitu cha tangawizi ambacho kinabaki muda mrefu sana baada ya kumeza. Unajikuta unataka tena. Niliyokunywa mwisho ni ya mavuno ya 2017 na puani ilikuwa waridi na asumini kabla ya kitu kingine chochote, nimekaa nayo naigeuza kwenye glasi sijainywa kabisa na sikuwa na haraka. Nimewahi pia kuonja ya 2007 nikiwa na watu wanaoikusanya, ile imekoza rangi, maua yamepungua, imekuja lozi, sukari iliyoungua kidogo, chai, ganda la chungwa lililokauka, na bado ukali upo, haijalegea hata kidogo. Ukiniuliza ipi naipenda zaidi ntasema ya umri wa kati, sio mbichi sana sio mzee sana, ila anayependa maua aifungue mapema tu, hamna ubaya wowote.

Sasa historia, na mi naanza na ardhi. Bonde la Constantia linaangalia ghuba ya False Bay, kwahiyo mchana wakati wa kiangazi ule upepo wa kusini-mashariki unaoujua kila mtu aliyefika Cape Town unapanda kutoka baharini unapooza mashamba, na udongo wa kwenye miteremko ya mlima wa Constantiaberg umetokana na mwamba wa graniti uliooza taratibu. Joto lipo la kutosha kuzikausha zabibu kwenye mti, ubaridi upo wa kutosha kuzilinda zisipoteze ukali wake. Hilo ndo lililofanya hapa pakawa hapa. Waini ya kwanza kabisa ya Rasi, yaani eneo lote hili la Cape, ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, wakati wa Jan van Riebeeck, kiongozi wa kwanza wa Waholanzi hapo, na wala haikuwa Constantia, ilikuwa kwenye bustani ya Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India, lengo lao ni kupata kinywaji cha kuwapa mabaharia wa meli zinazoenda na kurudi Asia. Miaka 26 baadae, mwaka 1685, ndo mkuu wa Rasi Simon van der Stel akapewa eneo lake la Constantia, eneo kubwa kwelikweli, zaidi ya hekta 700.

Van der Stel mwenyewe alizaliwa baharini karibu na Morisi mwaka 1639, na bibi yake mzaa mama alikuwa mwanamke wa kutoka India. Alikuwa mtu anayezingatia kilimo, akakataza wakulima wa Rasi kuchuma zabibu kabla hazijaiva sawasawa, kitu ambacho enzi hizo walikuwa wanafanya na waini yao ilikuwa inasemwa vibaya. Alifariki 1712, na 1714 shamba likakatwa mapande matatu, na lile lenye nyumba likabaki na jina la Groot Constantia.

Alafu mwaka 1778 anaingia Hendrik Cloete, akalinunua Groot Constantia. Kama kuna mtu mmoja wa kupewa sifa ya biashara hii basi ni yeye, maana alilikuta Groot Constantia limechoka akapanda upya, akajenga stoo kubwa ya waini ambayo bado imesimama mpaka leo, ukienda simama mbele yake uangalie juu kwenye ukuta wa mbele kuna sanamu za kuchongwa za Anton Anreith za mwaka 1791 zinamuonyesha Ganymede, yule kijana wa hadithi za Kigiriki, na tai, zimejaa nguvu mpaka raha. Chini ya Cloete na wanae waini ya Constantia ikawa inagombaniwa Ulaya nzima kwenye majumba ya wafalme. Kampuni nayo haikumwacha apumue, ilikuwa inachukua sehemu ya waini kila mwaka kwa bei iliyopanga yenyewe, na barua za malalamiko zikawa haziishi.

Lakini jamani, huyo Cloete hakushika jembe. Waliopanda ile mizabibu, waliopalilia, waliochuma punje kwa punje kwenye jua la Februari na Machi, waliokamua kwa miguu, walikuwa watumwa. Waliletwa Rasi kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia ya leo, na utumwa huko haukukoma kisheria mpaka 1834, na hata hapo wakalazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana walewale kwa jina la uanagenzi mpaka 1838. Piga hesabu uone, kipindi chote kile cha sifa kubwa ya Constantia, yaani miaka ya Cloete mpaka Napoleon, kiko ndani ya utumwa. Ukisoma kwamba Constantia ilikuwa tamu kwa sababu zabibu zilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa, uangalifu huo ulikuwa mikono ya watu wasiolipwa, na ujuzi ulikuwa wao. Ukienda Groot Constantia kuna makumbusho kwenye nyumba kubwa ya zamani, yanaendeshwa na Iziko, shirika la makumbusho la Cape Town, na habari za watumwa zimeelezwa, pitia kule kabla ya kwenda kuonja, usifanye kinyume. Na hata baada ya utumwa mashamba ya waini ya Rasi kwa vizazi yaliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa waini ya bei rahisi, mfumo walioita dop, na madhara yake ya ulevi, mpaka kwa watoto wanaozaliwa, bado yapo vijijini huko. Mi naipenda hii waini na nitaendelea kuinunua, na hayo yote nayaandika kwa sababu bila hao watu kusingekuwa na kitu cha kusifia.

Haya, Napoleon. Ni kweli alikunywa. Alipopelekwa uhamishoni kisiwa cha St Helena mwaka 1815 waini ya Constantia ilikuwa inapelekwa kwa meli kutoka Rasi mpaka nyumbani kwake Longwood, na ilikuwa inamfikia mara kwa mara mpaka alipofariki tarehe 5 Mei 1821. Kinachonikera ni ile simulizi kwamba kwenye siku zake za mwisho alikataa kila kitu isipokuwa glasi ya Constantia, na wanasema aliyeshuhudia ni Las Cases, mmoja wa waliomfuata uhamishoni. Las Cases alikamatwa na kuondolewa kisiwani mwishoni mwa 1816! Miaka zaidi ya minne kabla ya kifo. Sasa aliona wapi? Kwahiyo ukiisikia hiyo hadithi pale kwenye kuonja, furahia, ila usiibebe ukaisimulia kama ushahidi. Waini nzuri haihitaji kusingiziwa maneno ya mtu anayekufa.

Ushahidi wa sifa upo mwingi tu bila hiyo. Jane Austen kwenye riwaya yake ya 1811 ana mama mmoja anamletea binti aliyevunjwa moyo glasi ya Constantia ya zamani kama dawa, kumaanisha wasomaji wa Uingereza walishaijua bila kuelezwa. Na mwaka 2021 chupa ya Grand Constance, waini tamu ya Groot Constantia, ya mavuno ya 1821, mwaka uleule aliofariki Napoleon, iliuzwa kwenye mnada kule Rasi kwa zaidi ya randi laki nne.

Kilichoiua ni mambo kufuatana. Katikati ya karne ya 19 uliingia ugonjwa wa ukungu kwenye mizabibu ya Rasi, alafu mwaka 1861 Uingereza ikaondoa unafuu wa ushuru ambao waini za Rasi zilikuwa zinaupata, waini za Ufaransa zikawa rahisi kuingia London kuliko za kutoka kusini mwa Afrika, na miaka ya 1880 akaja filoksera, yule mdudu mdogo anayekula mizizi ya mizabibu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya. Familia ya Cloete ikafilisika. Mwaka 1885 serikali ya koloni la Rasi ikalinunua Groot Constantia ikalifanya shamba la majaribio, na waini tamu ile ya kupiganiwa na wafalme ikapotea. Karibu miaka mia moja hakuna. Watu walibaki na jina tu na chupa chache kwenye stoo za matajiri.

Iliyopo leo imerudishwa, na hii ndo sehemu ya historia ninayoipenda kuliko ya Napoleon. Mwaka 1980 Duggie Jooste na familia yake walinunua Klein Constantia, shamba ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Constantia ileile ya Van der Stel, lilikuwa limechakaa. Wakamshirikisha Profesa Chris Orffer wa Stellenbosch, mtaalamu wa mizabibu, kutafuta mbegu ya Muscat de Frontignan inayoaminika kuwa ya uzao ule wa zamani, wakaipanda 1982, mtengenezaji waini wao akiwa Ross Gower. Mavuno ya kwanza ni ya 1986. Hawakuiuza hapohapo, waliiacha ikae, ikatoka sokoni 1990. Fikiria wewe umenunua shamba limejaa magugu, unapanda mzabibu unaojua hautakulipa kwa miaka nane, kwa ajili ya waini ambayo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuitengeneza. Huo ni moyo. Mwaka 2011 shamba likauzwa kwa wafanyabiashara Zdeněk Bakala na Charles Harman, na anayeitengeneza miaka hii ni Matthew Day, na wengi wanaofuatilia tunaona kwake imepata wepesi zaidi, maua zaidi, ukali umesimama zaidi kuliko zile za miaka ya nyuma zilizokuwa nzito kidogo.

Tuje kwenye kutengeneza sasa, na hapa naomba unipe muda.

Waini tamu za dunia zinapata utamu wake kwa njia mbalimbali. Sauternes ya Ufaransa na Tokaji ya Hungary zinategemea kuvu inaitwa Botrytis, inatoboa ganda la zabibu maji yanatoka sukari inabaki, na kuvu yenyewe inaleta ladha yake. Port ya Ureno wanaikatisha isichache kwa kuimwagia pombe kali, sukari inabaki humo. Kanada na Ujerumani kuna ya kusubiri zabibu zigande kwa baridi ndo zikamuliwe. Vin de Constance haina hata moja katika hizo. Zabibu zinaachwa kwenye mti hadi zisinyae zenyewe kwa jua na upepo, nusu zabibu mbichi nusu zabibu kavu, bila kuvu, bila pombe ya kuongezwa. Ndo maana ladha ya zabibu yenyewe, ule umuskati, inabaki safi, haujafunikwa na kitu.

Ila kuna tatizo, na ndo hapo ufundi ulipo. Zabibu ikikaa juani mpaka isinyae sukari inapanda lakini ukali unashuka, ukikamua zabibu kavu peke yake unapata uji mtamu usio na uhai. Kwahiyo hawachumi mara moja. Wanaanza mapema msimu, Januari kuelekea Februari, wanachuma zabibu ambazo ndo kwanza zinaiva, zina ukali mwingi, hizo ndo za kuleta uhai. Alafu wanarudi. Alafu wanarudi tena. Wanapita kwenye mistari ileile mara nyingi sana mpaka Machi, mpaka Aprili, kila mzunguko wanachukua zilizofikia hatua wanayoitaka, hadi mwisho zinabaki zile zilizosinyaa kabisa, zimekuwa za kahawia, zimejaa sukari. Mchumaji lazima ajue kuangalia, kwenye kishada kimoja kuna punje ziko tayari na nyingine bado, mashine haiwezi hiyo kazi, na mtu wa kuokotwa asubuhi getini naye hawezi.

Kila fungu la mavuno linashughulikiwa peke yake. Zabibu zilizosinyaa hazitoi juisi ukizikamua kavukavu, kwahiyo zinalowekwa kwenye juisi au waini inayoendelea kuchacha ili sukari na harufu vitoke taratibu, ndo zikamuliwe. Uchachukaji nao unaenda polepole mno, maana hamira zinapata shida kwenye sukari nyingi namna ile, zinahangaika, kilevi kikifika kwenye kumi na nne hivi zinachoka zenyewe na sukari iliyobaki inabaki. Baada ya hapo inakaa kwenye mbao, mapipa ya lita 500 na vyombo vikubwa zaidi vya mwaloni, karibu miaka mitatu. Mapipa makubwa yanasaidia mbao isitawale, ndo maana huisikii ladha ya vanila imekaa mbele kama kwenye waini nyingine za bei mbaya. Mwisho wanachanganya mafungu, hili la ukali, lile la sukari, lile la maua, mpaka ikae sawa.

Ukijua hayo, ule utamu na ukali nilioongelea pale juu unauelewa. Kwenye glasi moja kuna zabibu za Januari na zabibu za Aprili. Hakuna uchawi mwingine.

Bei sasa. Chupa ya mavuno mapya inazidi randi elfu moja na ushee, inategemea na duka na mwaka, na za zamani zinapanda haraka. Kwa nusu lita. Najua inaumiza, na kuna watu watasema kwa hela hiyo unapata kasha la waini nzuri nyekundu za Stellenbosch, na ni kweli kabisa unapata. Ila kumbuka maji yote yaliyopotelea hewani zabibu zikisinyaa, kumbuka watu wanavyorudi kwenye mstari uleule wiki baada ya wiki, kumbuka miaka mitatu ya kukaa stoo bila kuingiza hata senti. Mzabibu ambao ungetoa waini ya kawaida ya kutosha unatoa kidogo sana ya hii. Na pia haipigwi glasi iliyojaa, ni vidole viwili vya glasi ndogo, chupa moja inatosha watu wanane mpaka kumi baada ya chakula bila mtu kunung'unika. Ukiigawa hivyo kila mtu anakuwa amekunywa kitu cha bei ya bia kadhaa za hotelini. Ushauri wangu ni huo, msinunue peke yenu, changeni.

Kama hutaki kuchanga, nenda shambani uonje. Klein Constantia wanapokea wageni, kuonja unalipia, ila ulizia kabla kama Vin de Constance imo kwenye seti unayochukua. Mahali penyewe ni pazuri, miteremko ya kijani na bahari kwa mbali, na wahudumu niliowakuta walikuwa wanajua wanachokisema, nimewauliza mambo ya mafungu ya mavuno wakanijibu vizuri bila kunikimbizia kwenye hadithi. Kitu kimoja ningependa wabadilishe ni maelezo yaliyopo kwenye meza, wafalme ni wengi na wachumaji ni wachache. Ningependa mtu aliyepita kwenye mistari kwa misimu ishirini aongee yeye na watu wamsikilize, nina hakika ana mengi kuliko kitabu.

Jirani pale Groot Constantia wana ya kwao inaitwa Grand Constance, nayo ni Muscat de Frontignan ila wanachanganya nyeupe na nyekundu, chupa ndogo zaidi. Ni nzuri, ina rangi iliyokoza kidogo na ladha ya matunda mekundu yaliyokaushwa, na bei mara nyingi inapumua zaidi. Kama bajeti haifiki au unataka kuanza kwa kuonja tu mtindo wa bonde hili, anzia hapo bila kujisikia umepata cha pili. Mi bado naichagua Vin de Constance kwa sababu ya ule ukali wa katikati, Grand Constance kwangu inalala kwenye utamu kidogo zaidi. Hayo ni mapenzi ya ulimi, mwingine atasema kinyume na atakuwa sawa.

Ya kuzingatia kwenye kununua na kunywa. Usinunue chupa iliyokaa dirishani. Kuna duka moja mjini, jina naliacha, nilinunua pale chupa iliyokuwa imepangwa kwenye mwanga wa jua kama pambo, nikaifungua rangi imekuwa kahawia kabla ya umri wake na maua hakuna, imebaki sukari iliyoungua tu, hela imekwenda. Waulize inatunzwa wapi, wakikuonyesha stoo ya baridi na giza sawa, wakikuonyesha rafu ya mbele hamia duka lingine au agiza moja kwa moja shambani.

Ipooze ila usiigandishe, nyuzi kumi hadi kumi na mbili hivi inatosha, itoe kwenye friji robo saa kabla, ikiwa ya baridi sana harufu inafunga na umelipia harufu. Glasi iwe ndogo lakini yenye tumbo, sio zile za kunywea pombe kali. Kuhusu chakula, watu wanaipeleka kwenye keki na vitu vitamu sana, hapo mi sikubaliani nao, utamu juu ya utamu vinauana. Ipe jibini ya bluu yenye chumvi, hapo utaniombea dua. Au tati, ile pai ya wazi, ya machungwa au ya limau isiyo na sukari nyingi, au lozi zilizokaangwa na chumvi, au hata maini ya bata kwa wanaokula. Watu wa Rasi wanayo malva, ile pudini yao ya jemu ya aprikoti inayomwagiwa sosi ya krimu, nimeijaribu pamoja na waini ikapoteza, sosi ni nzito mno. Bora malva uile na chai yako, waini isubiri mpaka vyombo vitolewe.

Ikibaki ifunge koki yake irudi frijini, sukari na ukali vinailinda, itakaa wiki moja mbili bila shida, na siku ya tatu naona hata ni nzuri kuliko ya kwanza. Isiyofunguliwa ilaze pembeni mahali pa giza pasipo joto, inaweza ikasubiri miongo kadhaa. Ukiwa na mtoto anazaliwa mwaka huu na uwezo unaruhusu, subiri mavuno ya mwaka wake yatoke, yatachelewa kama miaka mitatu au minne kwa sababu ya mapipa, nunua mbili, moja muifungue akimaliza shule na nyingine siku atakayoamua mwenyewe.

Nyota tano kwa kilichomo ndani ya chupa, nne kwa simulizi wanazoiuzia.